Chumba cha Watoto na Kufuli Lake

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alinilisha mtori mpaka jasho langu likaanza kunuka ndizi. Nilikuwa nimepanda kwake Old Moshi, kama wanawake wa kwetu wafanyavyo, nikae ndani, nilishwe, nikandwe, nisiguse jembe wala maji ya baridi. Siku niliyomwambia narudi kazini alikuwa anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Alisimama na mundu mkononi.

"Mtoto hajaota hata jino. Nani kasema urudi?"

"Kampuni, mama. Likizo imeisha."

"Huyo kampuni ni mwanamke au mwanamume?"

"Siyo mtu, mama. Ni kampuni."

"Nilijua tu," akasema, akainama kuendelea na majani yake.

Kampuni yenyewe ilikuwa changa, imemzidi mwanangu umri kidogo tu. Kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka wazee wakang'oa mikahawa waliyorithi wakapanda nyanya. Serikali ilikuwa imefungua milango, na neno mwekezaji tulilisikia redioni mara nyingi kuliko jina la Mungu. Mwekezaji wetu alikodi mashamba kule tambarare, kisha akakodi ghala la zamani la kahawa ukingoni mwa mtaa wa Majengo, mjini Moshi, akalipaka chokaa, akaweka meza ndefu za bati na chumba cha baridi. Humo ndani, wanawake peke yetu, tulichambua maharage machanga ya kupelekwa Ulaya. Ulitakiwa kutoa yaliyopinda, kukata ncha, na kuyapanga yaliyobaki kwenye visahani vya plastiki, yote urefu mmoja kama askari wa gwaride. Mzungu hali haragwe lililopinda. Sisi tulikuwa tumekula yaliyopinda tangu utotoni na bado migongo yetu ilinyooka, lakini hakuna aliyetuuliza.

Mwekezaji tulimwona kwa nadra, kama mvua ya mawe. Tuliyemwona kila siku ni meneja, kijana wa Dar es Salaam, suruali imepigwa pasi ikawa na makali ya kisu, manukato yanafika kabla yake. Alikuwa na msemo mmoja aliotusalimia nao kila asubuhi, badala ya kuuliza habari za nyumbani: "Hapa sisi ni familia moja!" Tuliitikia kwa makofi. Ilikuwa familia ya ajabu kidogo, maana baba alikuwa na choo chake peke yake na watoto walipekuliwa mikoba wakitoka.

Mimi na mume wangu tulipanga chumba Majengo. Yeye alikuwa mgumu, ndivyo wanavyoitwa kwetu wapagazi wanaowabebea watalii mizigo mlimani. Akipanda haonekani, akishuka analala kama gogo. Kwa hiyo mtoto nilimwacha kwa bibi mmoja jirani, mjane wa Kiislamu aliyeuza vitumbua asubuhi, na vikiisha alikuwa uani kwake hadi magharibi. Tayari alikuwa akilea watoto wa wenzangu kadhaa wa pale ghalani. Uzuri wa nyumba yake ulikuwa mmoja, na ubaya wake ulikuwa huohuo: ua wake ulipakana na ukuta wa nyuma wa ghala letu. Nikiwa nimesimama mezani nilimsikia mwanangu akilia upande wa pili.

Asiyewahi kunyonyesha hawezi kujua. Mtoto akilia, maziwa hayaulizi kama mapumziko yamefika. Yanashuka. Nilikuwa nasimama pale, aproni imelowa kifuani, macho yako kwenye maharage na masikio yako kwa bibi. Wenzangu wenye wachanga walikuwa vilevile. Kila kilio kilipovuka ukuta, meza nzima iliinua vichwa, kila mmoja anasikiliza kama ni wake. Na mkono uliokuwa unachambua ukaendelea kuchambua bila mwenyewe. Yaliyopinda yakapita, mafupi yakalala na marefu. Baada ya muda malalamiko yakaja kutoka Ulaya: visahani vyetu vina vurugu.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo kutoka Kibosho, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na jicho la kuona haragwe lililopinda akiwa bado mlangoni. Alijua shida ilikuwa nini. Alimwendea meneja, akamwambia wazi kwamba wenye wachanga wanahitaji kutoka kidogo wakanyonyeshe, watarudi na akili zao.

Meneja alimsikiliza kwa makini sana. Kisha akaitisha semina.

Ilifanyika Jumapili, ili isiingiliane na uzalishaji. Walutheri tuliikosa ibada, Wakatoliki wakakosa misa, na kina mama wa Kiislamu, ambao siku hiyo hufua, waliacha nguo kwenye beseni. Mtaalamu aliletwa kutoka Arusha, mtu mnene mpole, akasimama mbele ya karatasi kubwa akachora mizani kama ya dukani. Upande mmoja akaandika Kazi, upande wa pili akaandika Maisha.

"Mfanyakazi bora," akasema, "ni yule ambaye mizani yake haielemei upande mmoja. Akiwa kazini yuko kazini, akiwa nyumbani yuko nyumbani."

Mwenzangu mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, leo Jumapili. Hapa tulipo ni upande gani?"

"Swali zuri sana," mtaalamu akasema, akafunua karatasi nyingine.

Mchana huo tulifundishwa kupumua. Unavuta hewa puani, unaishikilia, unaitoa taratibu huku ukifikiria mahali penye utulivu. Sisi tuliozaliwa tukipanda na kushuka mlima na mizigo ya majani kichwani tulifundishwa kupumua na mtu aliyekuwa anahema tangu alipopanda ngazi ya ghala. Tulivuta, tukatoa. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanalia. Tulipomaliza tulipewa soda, na meneja akatangaza kwamba kampuni imesikia kilio chetu. Itajenga chumba cha watoto.

Nakiri, tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga mpaka koo likakauka.

Na chumba kweli kilijengwa, upande wa mbele, karibu na ofisi, mahali ambapo mgeni akishuka kwenye gari hawezi kukikosa. Kuta zilipakwa rangi ya bluu, zikachorwa bata na dubu wamevaa suruali. Vikaletwa vitanda vidogo vyenye magodoro ndani ya nailoni, farasi wa mbao wa kupanda, na mpira mkubwa kuliko mtoto yeyote tuliyekuwa naye. Juu ya mlango kibao kikasema kwamba kampuni inajali familia. Tulipita pale asubuhi tukachungulia dirishani kama watu wanaotazama duka la vito.

Tulichungulia wiki baada ya wiki. Kufuli halikufunguliwa.

"Bado tunatafuta mlezi mwenye cheti," meneja alisema.

Msimamizi akamwambia kuna bibi hapohapo nyuma, watoto wamemzoea.

"Ana cheti?"

"Ana watoto wetu."

"Mama, hiki ni chumba cha viwango vya kimataifa," meneja akasema. "Halafu watoto wenu, samahani, wanakojoa."

Hapo ndipo msimamizi alipoacha kuomba. Kwenye kona ya nyuma ya uwanja wa ghala kulikuwa na kilango cha bati cha kutokea uani kwa bibi, kilichobaki tangu enzi za kahawa, na ufunguo alikuwa nao mlinzi, mzee wa kutoka Uru aliyekuwa na wajukuu wengi na subira kidogo kwa mabosi. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja msimamizi alipita nyuma yangu akaninong'oneza, "Nenda nyuma ukamnyonyeshe. Ukirudi aende mwenzako. Na ole wako nione haragwe limepinda."

Nilipita kilangoni nikainama. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, watoto wamemzunguka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu hapa dume lako, amenitukana tangu asubuhi."

Nikamnyonyesha nimeegemea ukuta uleule, nikisikia kwa upande huu kelele za meza zetu. Akashiba, akalala kifuani, bibi akampokea. Nilipatiwa kitumbua cha njiani, nikarudi.

Tukawa tunakwenda kwa zamu. Aliyebaki alimfanyia aliyetoka, na aliyetoka alirudi mbio asimwelemee mwenzake. Hakuna aliyekaa kupiga soga kwa bibi, maana unajua nani anakungojea na maziwa yanamdondoka. Na huku mezani watoto waliacha kulia, au wakilia tulijua yupo mmoja wetu pamoja nao. Mikono ikarudiwa na wenyewe. Maharage yakalala yamenyooka. Tulikuwa tunamaliza mzigo wa siku gari la kwenda uwanja wa ndege likiwa halijawasha hata injini. Malalamiko ya Ulaya yakakoma, zikaja pongezi.

Meneja alituita uwanjani akatusomea zile pongezi. "Mnaona?" akasema, akanyoosha mkono kuelekea kwenye bata na dubu. "Mnaona matunda ya chumba cha watoto?"

Tulitazamana. Msimamizi alikuwa ameshika rozari yake, midomo imebanwa, mabega yanatikisika. Tukampigia meneja makofi. Ungefanya nini? Mtu amefunga chumba na kazi imekuwa nzuri. Kama angejenga viwili akavifunga vyote, huenda tungefunga kontena kabla ya chai.

Sasa kule Ulaya wanunuzi nao wakasikia habari za hicho chumba, wakataka kuja kukiona. Jambo hilo lilimpata meneja kama homa. Nyasi zikafyekwa, mawe yakapakwa chokaa, na siku moja kabla ya wageni tukatangaziwa kwamba kesho kila mwenye mtoto mdogo aje naye, amemwogesha na kumvalisha vizuri. Karani wa ofisini, msichana ambaye hajawahi hata kumshika mtoto wa dada yake, alivalishwa koti jeupe awe mlezi.

Jioni nilimweleza bibi.

"Na mimi nije?" akauliza.

"Hujaalikwa, bibi. Huna cheti."

"Cheti cha nini?"

"Cha kulea."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Basi," akasema, "wasiende mikono mitupu." Na asubuhi, tulipopita kuwachukua watoto, alimpa kila mmoja kitumbua cha moto kinachodondosha mafuta.

Kufuli likafunguliwa. Watoto wakaingizwa kwenye harufu ya rangi na nailoni. Walimwona dubu mwenye suruali, wakamwona karani mwenye koti jeupe, na kwa kuwa koti jeupe walikuwa wamewahi kuliona kliniki tu likiwa na sindano, walianza kulia kwa pamoja kama kwaya. Sisi tuliambiwa tubaki mezani kwetu, lakini mlango wa ghala ulikuwa wazi na tuliona yote. Gari likaingia. Akashuka mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mchangamfu, na mwanamume mwenye kamera. Meneja, kwa kihoro, akamnyakua mtoto aliyekuwa karibu ili angalau mmoja anyamaze. Alikuwa wangu.

Mwanangu alinyamaza. Akaitazama tai ya meneja, akaikamata kwa mkono wenye kitumbua, akaivuta kwake, akaanza kuitafuna. Shati jeupe likapata ramani. Meneja akatabasamu meno yote nje, kamera ikalia.

Ndipo bibi, huko nyuma ya ukuta, alipoanza kufukuza kuku uani kwake: "Shhh! Tokeni! Kwenda huko!" Watoto walioweza kutembea waligeuka kama wameitwa majina, wakatoka chumbani mmoja baada ya mwingine, wakampita karani, wakampita mama wa Kizungu, wakakimbia kwa miguu yao mifupi mpaka kwenye kona ya kilango, wakaanza kukigonga.

Mgeni akauliza huko kuna nini. Haya karani alikuja kutusimulia baadaye, maana alikuwa amesimama hapohapo na Kiingereza anakijua.

"Kuku," meneja alijibu, jasho linamtoka. "Watoto wetu wanapenda kuku."

Mama wa Kizungu alifurahi kupita kiasi. Alisema ni vizuri sana mtoto kukua karibu na wanyama, akaandika.

Wageni walipoondoka, meneja hakwenda kubadilisha shati. Alikwenda kwenye kona ile akasimama akitazama chini. Nyasi zote za uwanja zilikuwa zimefyekwa, lakini pale, kutoka mlango wa ghala mpaka kwenye kilango, palikuwa na njia nyembamba iliyokanyagwa ikang'aa. Ilikuwa miguu yetu.

Kesho yake kilango kilikuwa na kufuli jipya, mzee wa Uru alihamishiwa mashambani kulinda mabomba, na sisi tulisomewa hotuba kuhusu wizi wa muda. Meneja alisema kwa uchungu wa kweli. "Kampuni imewajengea chumba! Nanyi mnatoroka!"

"Chumba kimefungwa, bosi," mmoja akasema.

"Sizungumzii kufungwa," akajibu. "Nazungumzia moyo."

Basi moyo ukarudi mahali pake pa zamani. Vilio vikavuka ukuta, aproni zikalowa, mikono ikachambua bila wenyewe. Hatukugoma, naapa, hatukupanga lolote. Maharage yalianza kupinda yenyewe. Malalamiko yakaja, tena safari hii pamoja na tishio la kununua kwingine. Meneja akaanza kutaja semina nyingine.

Nadhani ni hilo neno semina lililomtoa msimamizi uvumilivu. Hakuitisha mkutano. Alituambia tu, mmoja mmoja, tukinawa mikono: "Kesho njoo na mtoto mgongoni."

Asubuhi hiyo gari la baridi lilikuwa tayari uwanjani, mzigo wa siku umeshushwa kutoka shambani, maharage yamerundikwa mezani, na ndege, kama kawaida ya ndege, haingoji. Sisi wenye wachanga hatukuingia ghalani. Tuliketi kwenye baraza ya chumba cha watoto, chini ya kibao, tukawatoa watoto migongoni tukaanza kunyonyesha. Wasio na watoto wakatoka nao wakaketi, ingawa wao wangeweza kuingia kazini. Msimamizi aliketi katikati.

Meneja alifika, manukato yakitangulia.

"Nini hii?"

"Familia, bosi," msimamizi akasema. "Kila siku unasema sisi ni familia moja. Leo tumekuja wote."

"Ingieni kazini!"

"Tukiingia, hawa waende wapi? Tufungulie chumba."

Meneja akatazama dirishani, kwenye magodoro yenye nailoni na farasi wa mbao ambaye hajawahi kupandwa. Niliuona uso wake. Nimewahi kuona uso wa namna hiyo kwa mtu aliyeambiwa achinje ng'ombe wa mahari. "Haiwezekani," akasema. "Vile ni vitu vya kampuni. Vitaharibika."

"Basi tufungulie kilango."

Dereva wa gari la baridi akapiga honi, ndefu. Mtoto mmoja akashtuka akalia, wa pili akamjibu. Meneja alisimama akipapasa mifuko ya ile suruali yenye makali. Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye kona, akafungua kufuli, akarudi bila kututazama. Tulisimama tukakung'uta kanga. Siku hiyo mzigo uliwahi ndege, na hakuna kisahani hata kimoja kilichorudishwa.

Baada ya muda mfupi tangazo lilibandikwa ukutani. Kampuni, baada ya kutafakari kwa kina, imeanzisha Mpango wa Lango Rafiki kwa Mama. Nasikia meneja alipelekwa ng'ambo kuueleza kwenye mkutano, na kwamba alieleza vizuri. Ilitoka pia kalenda: picha kubwa ya meneja na mtoto mwenye furaha anayetafuna tai. Sikuombwa ruhusa, lakini nilipewa nakala. Mama mkwe aliitundika sebuleni, akiwaambia wageni kwamba yule ni mjukuu wake amebebwa na mtumishi wa kampuni.

Nilifanya kazi pale mpaka mwanangu alipoanza kwenda mwenyewe kwa bibi akimpigia hodi. Kisha siku moja mwekezaji akapata nchi nyingine yenye masharti mepesi, akang'oa meza za bati, akaondoka. Vitanda vile vidogo viliuzwa na nailoni yake. Msimamizi alirudi Kibosho kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Bibi alichukuliwa na binti yake kwenda Tanga, tukalia wote, watoto zaidi. Mimi nikaanza kununua ndizi mlimani na kuziuza gulioni Kwa Sadala, na nyakati nyingine ninapochelewa kufika au nikaamua nisifike kabisa, huwa ninajipa ruhusa mwenyewe.

Miaka ilipita. Siku moja gari lilisimama mbele ya ndizi zangu, akashuka mwanamume mwenye mvi changa, suruali imekunjamana. Alibonyezabonyeza mkungu kama mtu asiyejua anachokitafuta.

"Habari za siku nyingi, meneja," nikasema.

Alishtuka. Ilibidi nimkumbushe: ghala, maharage. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza habari za nyumbani, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mwanangu hajambo, nikamwambia, yuko sekondari. Na wako?

"Wako Dar na mama yao," akasema. Sasa alikuwa na kampuni nyingine Arusha, kazi nyingi, kusafiri hakuna nafasi. "Nawapigia simu. Ila yule mdogo..." Akachomoa ndizi moja iliyoanza kuoza, akairudisha. "Juzi aliipokea akamwita mama yake. Akasema, 'Mama, yule anko wa kazini tena.'"

Nilikuwa na maneno mengi niliyomwekea mtu huyu kwa miaka mingi, mengine makali, mengine ya kuchekesha. Nikainama chini ya meza nikamchagulia chana moja ya ndizi mbichi, ngumu.

"Chukua hizi," nikasema. "Zinaiva polepole. Mtu mmoja anaweza kuzimaliza."

Alilipa, akashukuru, akaondoka kuelekea Arusha. Mteja wa nyuma yake alikuwa anataka mkungu mzima, wa harusi.